Sindano58

Kwanza ni ndege. Haina rubani, haina kiti.
Imebeba watu hamsini wasiojuana,
inakikata kisiwa kwa mstari mmoja
kama mkasi wangu juu ya shuka jipya.
Pa kurukia unachagua mwenyewe.
Ukiwahi, unaangukia penye nyumba nyingi, bunduki nyingi,
na watu wengi waliowaza kama wewe.
Ukichelewa, unaangukia kondeni, mikono mitupu,
labda na kikaango.

Msidharau kikaango.
Jumanne nilimwangusha mtu nacho, nikamwomba radhi kwa sauti;
Adenilson alicheka mpaka akapaliwa.

Mimi ni Ivonete, fundi cherehani, mtaa wa Dirceu, Teresina,
mji ambao hata kivuli kinatoka jasho.
Mwanangu yuko Guarulhos, siku mbili na nusu kwa basi,
anapanga maboksi ya watu ghalani.
Simu hapigi. Nikipiga mimi: kesho, Mama, nimechoka.
Kauê wa duka la simu ndiye aliyenionyesha:
saa tano za usiku, kitone cha kijani kando ya jina lake,
kama taa ya jirani aliyekuambia amelala.
Nikamkunjia Kauê pindo za suruali tatu,
naye akaniwekea kisiwa ndani ya simu.

Gumba la kushoto linatembea.
Gumba la kulia linatazama, na linafyatua.
Unaingia nyumba za watu bila hodi,
unaokota kofia, fulana nzito, bandeji, risasi,
na risasi ulizookota si za bunduki uliyo nayo.
Siku zote si zenyewe.

Kisha duara.
Kisiwa kizima kimepitishiwa uzi
na mtu usiyemwona anauvuta,
kama nivutavyo kamba ya kaptura, kiuno kikajikunja.
Ukibaki nje unachuruzika,
polepole mwanzoni, halafu si polepole.
Ukiwa ndani, utakutana na wenzio.
Si kwamba mnatafutana; ni ardhi inayowaishia.

Mwanangu anasema: Mama, jifunze kusikiliza.
Hatua zina upande, mlango una upande.
Nimevaa hedifoni, nasikiliza.
Nasikia feni yake yenye pangaboi bovu.
Nasikia kijiko kwenye sahani, usiku huu wote,
kijiko kisichogonga mfupa.
Umekula nini?
Mama, kuna mtu nyuma ya kreti.

Jana tulifika duara la tano. Tumebaki sita.
Akapigwa karibu na daraja, nje ya uzi.
Ukipigwa hufi papo hapo: unatambaa,
na mwenzio akikuinamia sekunde chache,
mgongo wazi, bunduki chini, unasimama tena.
Niache, akasema. Ingia ndani, utashika hata nafasi ya pili.
Nafasi ya pili niipeleke wapi?
Nikarusha bomu la moshi, nikalikosea, likaangukia mtoni.
Nikaenda hivyo hivyo.

Nikainama. Kiduara kidogo kikaanza kujaa juu ya kichwa chake.
Na humo, katikati ya kujaa, akasema
kwa sauti ya alipovunja sindano ya mashine akiwa na miaka saba:
Mama, walitupunguza kazini. Tangu Ijumaa ile.

Ijumaa ipi, nikauliza,
na skrini ikawa ya kijivu.
Nafasi ya tatu.

Hatukusema kitu. Feni yake ikazunguka, ikagonga, ikazunguka.
Mezani kwangu suruali ya tatu ya Kauê, mguu mmoja bado mrefu.
Nikabonyeza kitufe cha manjano.
Ndege ikanguruma, watu hamsini wengine.

Tunaruka wapi? nikamuuliza.
Akanyamaza hadi kisiwa kikakaribia kuisha chini yetu.
Kule kondeni, akasema.
Kwenye nyumba ile moja.