Baragumu Magotini

Nilimnakilia Lowell Haverstick nota zake miaka kumi na tisa,
senti kumi kwa ukurasa, na kahawa juu yake,
katika chumba kilicho juu ya duka la mbegu, Pittsburgh,
dirisha likitazama Monongahela na matanuri ya chuma
yaliyokesha hadi anga likawa jekundu
kama jicho lililoingia mchanga.

Watu watakwambia alikuwa mtunzi. Kwangu alikuwa mwandiko:
nota zilizoinama mbele kama wapanda mlima penye upepo,
kifutio kilichotoboa karatasi,
pembeni alama ya kuuliza, kisha "hapana", kisha "pengine",
na duara la kikombe juu ya fidla za pili.
Mchana alirekebisha piano za watu.
Sikio lake la kushoto lililiwa na nyundo za kiwanda
alipokuwa na miaka kumi na minne.
La kulia ndilo lililotunga.

Miaka sita, simfoni moja.
Mswada aliuweka chini, dukani, kando ya jiko,
kwa kuogopa paa letu lililovuja.
Machi ya thelathini na sita mto ukaingia bila hodi.
Ukala mbegu, na zilizosalia
zikachipua kwenye zulia wiki mbili baadaye.
Ukala simfoni.

Nakala zangu zilikuwa kilimani kwa mama, chini ya godoro:
fidla, selo, filimbi, ngoma,
kila chombo isipokuwa baragumu la kwanza,
ambalo nilikuwa sijalianza.
Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Tuliyazoa kwa kijiko, sisi, kiangazi kizima,
mpaka tulipofika kwenye baragumu, tukakuta pakavu.

"Unaikumbuka, Ruzena?"
"Wewe je?"
Akautazama mto. "Andika vituo."
Nikaandika mia na kumi na viwili, kimoja kimoja,
ingawa alama moja ingetosha.
Nilikuwa nalipwa kwa ukurasa.

Usiku wa onyesho, Cleveland, ukumbi nusu mtupu,
Otis Kleinhenz alikaa na baragumu magotini,
midomo ikihesabu.
Fidla zilimfungulia njia, zikamngoja, zikaendelea,
kama familia iliyozoea kuacha kiti kimoja mezani.
Mwanamke wa mstari wa tatu aligeuka akatazama mlango.
Gazeti likasifu ujasiri wa kimya kile.
Lowell alicheka mpaka akakohoa,
akaikata habari hiyo na kuzibia kioo kilichopasuka.

Miaka mingi baadaye, naosha vikombe,
nikasikia koo langu linautoa,
ule wa baragumu, vipimo vinane hivi,
aliokuwa akiupiga mluzi nilipokuwa natia wino.
Akageuza sikio la kulia.
"Wa nani huo?"
"Wako."
Akasikiliza mpaka maji ya beseni yakapoa.
"Mzuri," akasema. "Usiuandike."

Sikuuandika.
Amelala kilimani sasa, juu kabisa ya alama ya mafuriko;
mahali hapo nilipachagua mimi.
Vijana wa chuo hunijia na vinasa sauti,
wanataka falsafa ya kile kimya.
Nawapa kahawa.
Nawaambia paa lilikuwa linavuja.