Kielelezo Namba Saba

Ni mimi niliyeshona lile koti.
Andikeni: Nandudu, fundi cherehani,
baraza ya tatu ukitoka mnara wa saa, Mbale.

Wolimbwa alikuja Jumanne na kitambaa cha pazia,
mita nne, rangi ya ini, na fedha pungufu.
"Mama, nishonee mtu mkubwa."
"Mkubwa kiasi gani?"
"Asiyeona viatu vyake tangu apate cheo."
Nikacheka hadi uzi ukakatika.

Nikalitia mifuko kumi na minne:
miwili ya nje, ya kutumbukiza mikono wakati wa wimbo wa taifa,
mingine ndani, mmoja tumboni mwa mwenziwe,
kwani katika mchezo daraja lingeingia humo,
na zahanati, na vitanda vyake,
na mwisho mtoto anayeuliza daraja liko wapi.

Walicheza mara mbili tu.
Ya kwanza watu walicheka kwa midomo.
Ya pili walicheka kwa matumbo,
na mmoja kule nyuma hakucheka.
Alikuwa anaandika.

Wolimbwa walimpakia kwenye gari lisilo na namba.
Khainza, aliyecheza mke wa koti, walimkuta akiosha vyombo;
povu lilimkaukia mikononi ndani ya seli.
Gidudu alivukia Lwakhakha usiku
akaiacha ngoma. Wakaipasua
kutafuta ni nani aliyekuwa akisema mle ndani.

Mimi waliniita kwa Kiswahili.
Kwetu lugha hii ilizoea kuja usiku
na kubisha hodi kwa kitako cha bunduki.
Lakini ninacho changu, cha sokoni,
kilichokulia kwenye kupunguziana bei.
Tukakaa, Viswahili viwili, meza moja.

"Kipimo cha tumbo hili ulikitoa kwa nani?"
"Kwa mto, afande."
"Mto upi? Manafwa?"
"Wa kulalia. Wa pamba."
Akaandika: mto.
"Na mbona mto huo unafanana na Mheshimiwa?"

Mimi sikuwa nimemtaja mtu.
Chumba kizima kilisikia ni nani aliyetaja.

Nililala mle siku kumi na moja.
Sitasema yote. Iko mishono
ambayo ukiifumua nguo nzima inaachia.
Kidole hiki hakishiki sindano kama zamani, basi.

Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena.
Mama yake Wolimbwa huja barazani, hanunui, hasemi;
nampa kopo la vifungo avipange kwa rangi,
na jioni navichanganya, ili kesho awe na kazi.

Ila askari mmoja kijana (simtaji, ana watoto)
alileta suruali ya sare, kiuno kimemzidi.
Akainama kama anachunguza pindo:
"Mama, zamu ya usiku tunalivaa lile koti.
Tunapokezana. Tunaweka na mto.
Koplo ndiye analijulia hasa.
Juzi tulicheka mpaka mahabusu wakaitikia."

Sikuinua macho. Cherehani ilikuwa inakwenda.

"Lakini ule mfuko wa mwisho," akasema,
"mbona umeshonwa mdomo?"

Ule ni wa mtoto, nikamwambia.
Nimeufunga kwa uzi wa kushikizia tu,
ukivutwa kidogo unafumuka, anatoka.
Wolimbwa ndiye alitaka hivyo.
Msiuvute.
Ule ni wa onyesho la tatu.