Bushi ya Bedfodi

Lori la jeshi, Bedfodi, namba zake zimeliwa na kutu,
limelala Kongwa nyuma ya ghala la mahindi
tangu Yudita Chilewa hajazaliwa.
Spea? Dodoma mjini walicheka.
Gerezani, Dar, walicheka wakaita na wenzao.
Kitabu chake mchwa walikimaliza,
wakabakiza jalada na ukurasa mmoja wa oili.

Basi Yudita anaisoma bushi isiyokuwepo
kwa kovu ililoacha kwenye shafti:
hapa ilikaza, hapa ilichoka,
hapa palikuwa na dereva mvivu wa kubadili gia.

Koki mbovu, vitasa, kengele ya shule iliyopasuka,
vyote tanurini.
Mchanga wa Kinyasungwe, ukilowa kidogo,
hushika umbo kama ugali ushikavyo kidole.

Ya kwanza ilitoka na matundu.
Ya pili, umeme ulikatika, kisu cha mashine kikang'ata pabaya.
Ya tatu
iliingia kwa pigo moja la nyundo ya mpira,
tena dogo.

Mwenye gari akainama: "Hii orijino?"
Yudita anafuta vidole, kimoja kimoja.
"Orijino ndiyo iliyokufa.
Lete petroli."