Vipandio Mia na Sitini na Viwili

Mwaka ule, huku Valparaíso,
waya wa kibehewa cha kilimani ulikatika.
Manispaa ikabandika karatasi: Samahani, matengenezo.
Eduvigis, miaka sabini na minne, aliisoma mara mbili
kama mtu asomaye barua ya kufukuzwa kazi.

Chini kulikuwa na mkate. Juu kulikuwa na kitanda.
Kati yao, vipandio mia na sitini na viwili.

Tangu Anselmo azikwe, kitanda kilikuwa kikimshinda hoja.
Mapazia hayakufunguliwa. Redio ilinyamaa.
Daktari aliiita sonona; yeye aliiita Jumapili,
maana kila siku ilifanana na Jumapili alasiri,
maduka yamefungwa, hakuna anayebisha hodi.

Lakini njaa haijui matanga.
Akashuka. Akanunua mikate minne. Akapanda,
na kwenye kipandio cha arobaini akaketi, akalia,
si kwa Anselmo: kwa magoti.
Lilikuwa jambo jipya, kulilia kitu kinachoweza kupona.

Kesho yake akafika cha hamsini na tatu.
Hapo pana paka wa kijivu, mlango wa samawati,
na Bwana Rigoberto, fundi viatu mstaafu,
anayetulia palepale, kiganja ukutani.
Hawakusalimiana. Walihema pamoja,
na kuhema pamoja nako ni mazungumzo.

Wiki ya tatu alimwambia, "Soli yako ya kushoto imelika."
Wiki ya nne akamrudishia kiatu, kimeshonwa.

Mimi nakaa cha themanini; dirisha langu linaona ngazi.
Sitasema huzuni iliisha. Haikuisha.
Ilipanda naye, ila pumzi yake ilikuwa fupi kuliko ya Eduvigis;
kwenye cha mia ilianza kubaki nyuma,
ikamfikia usiku tu, imechoka,
ikalala kabla yake.

Agosti kibehewa kikatengamaa. Tarumbeta, meya, utepe.
Mwanawe Fermín akapiga simu toka Antofagasta:
"Mama, sasa utapumzika."
"Nitapumzika," alisema, "pale hamsini na tatu."

Leo mvua imenyesha, mawe yanateleza.
Mkono mmoja kwenye reli, mwingine umebeba mikate,
ya moto, sita sasa badala ya minne.
Anahesabu kwa sauti kama mtoto anayejifunza namba,
na akifika tisini anakosea makusudi,
ashuke kidogo, aanze upya.