Njoo Kidogo

Kwenye hati yangu ya mshahara, mstari wa saba,
pameandikwa "posho ya lugha".
Huingia kila mwezi tangu nifaulu Kifaransa
kule Ottawa, ghorofa ya tano,
mbele ya mama mmoja aliyeniuliza habari za likizo.

Hapa Iqaluit, miaka minne kaunta ya pensheni,
nimekitumia mara mbili:
kumwonyesha rubani mlango wa choo,
na kumtakia mkaguzi safari njema.

Udluriak anakaa nyuma, ubavuni mwa mashine ya nakala.
Cheo: karani wa majalada.
Lakini mlango ukifunguka, theluji ikaingia na mzee,
kofia mkononi, barua ya serikali imekunjwa mara nane,
shingo zetu zote hugeukia upande mmoja.
"Udluriak, njoo kidogo."

Kidogo hicho ni saa nzima.
Ni kusaka, ndani ya Kiinuktitut,
neno la "malimbikizo" lisilomtia mtu kiwewe.
Ni kumweleza mjane kwamba jina la marehemu
lilikosewa na mwalimu wa zamani sana,
na kompyuta haimjui mtu huyo.
Mjane analia. Udluriak anamshika kiwiko.
Kisha anarudi kwenye majalada,
na msimamizi anauliza mbona kazi imerundikana.

Aliwahi kuomba posho.
Jibu lilikuja kwa lugha mbili fasaha,
zote zikimwarifu kuwa yake haimo kwenye orodha.

Ijumaa ya mshahara nikatia nusu ya posho yangu kwenye bahasha,
nikaisukuma chini ya kikombe chake.
Aliirudisha chai haijapoa.
"Nyama ya sili hugawanywa, Lorne.
Ujira hulipwa.
Nautaka mstari wa saba, kwenye hati yangu, kwa jina langu,
na wasilikosee."

Sikuwa na la kusema
kwa lugha yoyote niliyofuzu.

Jioni tukabaki wawili, taa moja, tukaandika rufaa:
Kiinuktitut juu, Kiingereza kati,
na chini Kifaransa changu, mara ya tatu,
nikitoa jasho juu ya kila kitenzi.

Jumatatu mlango ukafunguka.
Mtu akaita, kama kawaida, njoo kidogo.
Udluriak akasimama, akatazama saa ya ukutani,
akafungua daftari jipya
na kuandika, bila haraka:
saa tatu na dakika kumi.