Gata

Wananiuliza sokoni Newala,
"Somoe, kwani wewe huna shida?"
Ninazo. Pesa ya korosho haijaingia, wiki ya tano sasa.
Simu ikilia naruka:
ni wale wa kuniambia nimeshinda bahati nasibu.
Goti la kushoto linatabiri mvua, tena linakosea.
Na Bakari alivuka Msumbiji kwa wiki mbili,
huu mwaka wa saba.

Basi sikilizeni.
Huku juu maji hayachimbiki.
Unachimba, unachimba, unakutana na mchanga mwekundu
unaokutazama tu.
Mama zetu waliteremka bondeni usiku na mitungi,
wakarudi jua limepanda,
nusu ya maji wameinywesha njia kwa kujikwaa.
Sisi tukajifunza paa: bati, gata, kisima cha saruji.
Gata haileti mvua.
Lakini mvua ikija isikute gata,
inapita uani kwako kama mgeni asiyekaribishwa.

Uradi wangu ndio gata.
Alfajiri, jogoo wa Chinguile hajajifanya muadhini,
nakaa kwenye mkeka ulioliwa pembe na mbuzi,
nahesabu.
Tasbihi ilikatika mwaka juzi,
kwa hiyo nahesabu kwa korosho, thelathini na tatu,
na siku nyingine, Mungu ananiona, naishia thelathini na moja
kwa kuwa mbili nimezila.

Ziko asubuhi sisikii kitu.
Ulimi unakwenda, moyo umelala.
Nasema tu,
kama mtu aliyepanda paani kufagia majani
mwezi wa nane, mbingu kavu,
majirani wakimdhani kichaa.

Alhamisi tunabangua kwa Bi Sharifa Nandule,
mikono tumeipaka majivu, mafuta ya ganda yasituunguze,
jina la Mola likifuata mdundo wa vigongo.
Agnesi huja na rozari yake, kona yake ileile.
Anamaliza yake, sisi yetu, chai ni moja.

Mwezi wa tatu alimzika mwanawe.
Alirudi kuketi, hakusema neno,
wala hatukumwambia avumilie.
Tulimbangulia fungu lake.
Alhamisi ya nne, Bi Sharifa, usingizi umemchukua nusu,
akahesabu kwa sauti:
"Thelathini na nane, thelathini na tisa,
thelathini na kumi!"
Agnesi akacheka hata chai ikamtokea puani,
akalia,
akacheka tena,
kigongo bado kimo mkononi.

Tone lile
nililisikia likianguka kisimani.

Kwa hiyo mkiniona nacheka, nami nanunua chumvi kwa mkopo,
msidhani kwangu kumenyesha leo.
Hii ya masika.
Ndoo iko nyuma ya mlango,
kamba fupi kidogo, inama.