Miraba Arobaini na Mitatu

Kajaani, Januari. Jua limechungulia saa nne,
limeona theluji, limerudi kulala.
Nimewasha taa ya mezani na kompyuta,
na mbele yangu miraba arobaini na mitatu,
yote myeusi, kila mmoja na herufi yake,
kama makaburi yaliyosajiliwa vizuri.

Nafundisha uhasibu watu nisiowaona.
Mwaka wa kwanza niliogopa watadhani sipo,
basi nikawa kila mahali:
nikajibu usiku wa manane,
nikajibu dukani nimekumbatia kabeji,
nikajibu kwenye maziko ya shangazi Lempi,
simu imefichwa ndani ya kitabu cha nyimbo.
Hesabu za wengine zikalingana.
Zangu mimi: usingizi, upande wa kutoka;
upande wa kuingia, mstari mtupu.

Daktari alinitibu Kifini, yaani kwa maneno mawili:
“Zima. Lala.”

Siku hizi saa mbili usiku nafunga, nao wanajua.
Kazi kumi kwa siku; ya kumi na moja itangoja, haiozi.
Kosa la wengi nalieleza mara moja, kwa wote.
Na wino mwekundu nimeuacha. Nasema tu:
“Aune, mstari wa saba, kodi umeihesabu mara mbili,
rudi polepole.”
Dakika moja na nusu. Birika linapiga mluzi,
theluji inaporomoka kutoka paani,
Nappu anaibwekea kama mwizi.
Sikati kitu.
Wasikie kwamba sauti hii ina nyumba.

Yupo Urpo, mraba wenye U.
Anaendesha mashine ya kukata misonobari,
anasoma humo humo kwenye kibanda chake cha vioo.
Miezi mitatu, hata salamu.
Kazi zake hufika safi, kavu, kwa wakati.
Kwake, niliwaza, mimi ni kitufe.

Juzi nilirekodi kwa dada yangu, Oulu,
chumba cha wageni, zulia nene, kimya.

Leo nimekuta barua yake:
“Mizania imekubali. Kosa lilikuwa mstari wa tisa.
Nappu hajambo? Safari hii sikumsikia.”

Aliituma saa tano usiku.
Nimeisoma saa mbili asubuhi,
nimeshalala, nimeshakunywa kahawa.
Nikaanza kuandika jibu refu, nikalifuta.
Nikamwita mbwa
karibu na kipaza sauti.